Majibu ya mlango wa kizazi yametoka "sio ya kawaida", au HPV imeonekana: maswali tunayoulizwa kila siku

Haya maswali nayajibu karibu kila siku kwenye chumba cha vipimo, na mengi yanakuja mwishoni kabisa, mtu ameshaaga, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, ndo anageuka anauliza kile kilichokuwa kinamtafuna tangu alipoingia. Nimeyaandika na majibu yake kama ninavyoyasema kwa mdomo. Kama karatasi umeishika sasa hivi na moyo unakwenda mbio, soma swali la kwanza tu, haya mengine utayarudia ukishatulia.

Wamesema majibu "sio ya kawaida". Nina kansa?

Karibu kila mara jibu ni hapana. Hiki kipimo kazi yake ni kutafuta mabadiliko yanayotangulia kansa kwa miaka mingi, yakikutwa yafuatiliwe au yatolewe mapema. Tatizo ni hilo neno "sio ya kawaida", maana ni kapu moja wametupiwa wote: yupo ambaye seli zake zimechokozwa na maambukizi ya kawaida tu ya ukeni, yupo mwenye HPV (kirusi kinachopita kwa ngono, nakieleza chini) iliyoingia juzi na itaondoka bila yeye kujua, yupo mwenye mabadiliko yanayotakiwa kutibiwa ndani ya wiki chache, na mara moja moja sana yupo mwenye kansa kweli. Wote wanne wanapigiwa simu kwa maneno yale yale. Sasa we usikate simu kabla hujauliza vitu vitatu: sio ya kawaida kiasi gani, kinachofuata ni nini, na ni lini. Viandike. Ukishapigwa na butwaa hutakumbuka hata moja.

Mlango wa kizazi ndo wapi hasa?

Ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, pale unapokutana na uke. Damu ya hedhi inapita hapo na mtoto anapita hapo. Pana eneo dogo hapo ambapo seli za nje zinakutana na seli za ndani, na seli za hapo zinajibadilisha badilisha zenyewe kila wakati, ndo maana HPV inapapenda.

HPV ni nini, na mbona kila mtu anayo siku hizi?

Sio siku hizi, ilikuwepo tangu zamani, kilichokuja siku hizi ni kipimo. HPV ni ukoo mkubwa wa virusi, aina zaidi ya 200, na nyingi hazina neno, zingine ndo zinaleta chunjua za mikononi na miguuni. Karibu aina 14 zinaitwa za hatari kubwa kwa sababu zikikaa muda mrefu zinaweza kuharibu seli, na kati ya hizo namba 16 na 18 peke yake zinabeba karibu asilimia 70 ya kansa zote za mlango wa kizazi. Namba 6 na 11 zenyewe zinaleta masundosundo, yanakera na yanatia aibu lakini hayageuki kansa. Kwa hiyo mwenye masundosundo asilie kwamba kansa imefika, na asiye na masundosundo asijipe moyo kwamba hana HPV, hizo ni njia mbili tofauti.

Aliyeonyesha kwamba kansa hii inatokana na HPV ni Mjerumani, Harald zur Hausen, alizipata namba 16 na 18 miaka ya 1983 na 1984, mwanzoni wengi hawakumwamini, mwaka 2008 wakampa Nobel.

Na wengi wanaofanya au waliowahi kufanya ngono wanaipata walau mara moja maishani. Wengi! Kinga ya mwili inaifukuza, kwa watu karibu 9 kati ya 10 inakuwa haionekani tena ndani ya miaka miwili. Inayotutia wasiwasi ni ile inayogoma kutoka.

Ikigoma kutoka inachukua muda gani mpaka iwe kansa?

Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, kwa kawaida miaka 15 mpaka 20. Kwa mwenye kinga iliyoshuka, kwa mfano mwenye VVU ambaye hajaanza dawa, inaweza ikawa miaka 5 mpaka 10. Hiyo miaka yote ni nafasi ya kuikamata njiani, na mtu anaipoteza kwa kitu kimoja tu ambacho nakiona kila mwezi: kapimwa, kapewa karatasi, hakurudi.

Nani kaniletea?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote ni kulizunguka. Kuna mama mmoja alikunja karatasi yake mara nne mpaka ikawa ndogo kama stempu, nikamweleza kila kitu, matibabu, tarehe ya kurudi, anaitikia tu kwa kichwa, nilipomaliza akauliza kitu kimoja, "hapa inaonyesha niliipata lini?"

Haionyeshi. Hamna kipimo duniani kinachosema HPV imeingia lini wala imetoka kwa nani. Inaweza ikakaa mwilini miaka imetulia, vipimo vinatoka safi, halafu ikaamka kinga ikilegea kidogo au umri ukisogea. Mtu anaweza akawa amekaa na mume mmoja miaka 20, wote wawili hawajatoka nje, na HPV ikaonekana leo, imetoka kwa mpenzi wa kabla ya ndoa, wake au wa mumewe, wala mwenyewe hakujua. Pia inawezekana kweli kuna mtu katoka nje, mimi siwezi kukuapia kwamba haiwezekani, ninachokwambia ni kwamba hiyo karatasi sio ushahidi wa hilo. Nimeona ndoa zimetikisika kwa karatasi ambayo haikusema chochote kuhusu ndoa.

Nimwambie mume wangu au mpenzi wangu? Na yeye apime?

Kumwambia ni uamuzi wako. Mimi ningemwambia, ila baada ya wewe mwenyewe kuelewa, sio ile siku ya kwanza unatetemeka, maana atauliza lile swali la juu na utakosa jibu. Kupima ni habari nyingine: kwa mwanaume hamna kipimo cha HPV kilichopitishwa cha kumpima kila mtu kama kinavyofanyika kwetu. Akiwa na vinyama, kidonda kisichopona au uvimbe uumeni, njia ya haja kubwa au kooni aende akaonekane, maana HPV inaleta kansa hata sehemu hizo kwa wanaume, sio kirusi cha wanawake peke yao. Kama hana kitu, hamna dawa ya kumpa.

Kondomu si ingezuia?

Inapunguza, haizuii yote. Kirusi kinapita kwa ngozi kugusana na ngozi na kondomu haifuniki ngozi yote ya huko chini. Tumia, inasaidia, na kuna magonjwa mengine inayoyazuia vizuri zaidi. Na wanawake wanaolala na wanawake wenzao nao wapime, kuna mtu aliwadanganya kwamba haiwahusu.

Papu smia, kipimo cha HPV, kipimo cha siki. Mimi nilifanyiwa kipi?

Angalia karatasi, au kumbuka ilivyokuwa.

Papu smia wanachukua seli kwa brashi ndogo, zinakwenda maabara, mtu anaziangalia kwenye hadubini. Majibu yanachukua siku au wiki. Kipimo cha HPV nacho kinaweza kuanza na brashi ile ile lakini maabara haiangalii seli, inatafuta kirusi chenyewe, na hiki unaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti laini cha pamba ukiwa chooni au nyumbani, ukiifuata ile karatasi ya maelezo sampuli yako inafanya kazi vizuri karibu sawa na ya nesi. Hiki ndicho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kiwe cha kwanza, kwa sababu kinakosea mara chache zaidi.

Cha siki unapewa majibu hapo hapo. Tunafungua na spekulamu, kile kidude kinachofanana na mdomo wa bata, tunapaka asidi ya siki ya asilimia 3 mpaka 5 kwa pamba, halafu tunasubiri. Dakika nzima, tena bila kuikatisha. Mlango wa kizazi mzuri una rangi kama ndani ya mdomo wako wa chini, na kwenye pamba ya siki unabaki vile vile. Palipo na seli zilizobadilika panaanza kupauka taratibu, kama ukungu unavyopanda kwenye kioo, mpaka inakuwa bato jeupe lenye kingo unazoweza kuzifuata kwa jicho. Ukiambiwa "umeonekana na weupe" ndo hicho. Weupe mwingine ni wa kidonda tu au maambukizi, kwa hiyo nao sio hukumu. Na kwa waliokoma hedhi kipimo hiki hakifai sana kwa sababu lile eneo la kuangalia linakuwa limerudi ndani, halionekani.

Hizi herufi kwenye karatasi zinamaanisha nini?

Hapa watu wanaenda kugugo usiku na asubuhi wanaamka wagonjwa. Nitazipitia moja moja kwa lugha ya kawaida.

ASC-US: kuna seli zimebadilika kidogo na aliyeziangalia hawezi kuapa kama ni shida au sio shida. Ndo jibu baya linalotokea sana kuliko yote, na ndo dogo kuliko yote. Kwa kawaida wanapima HPV kwenye sampuli ile ile, ikiwa haipo unaendelea na maisha mpaka watakapokuita tena.

LSIL: mabadiliko ya daraja la chini, kwa kifupi ni alama kwamba HPV ipo kazini sasa hivi. Mengi yanapotea yenyewe, hasa kwa wasichana.

ASC-H: seli sio nzuri na haijathibitika, ila wanahisi inaelekea daraja la juu. Hii usiipe muda, nenda kolposkopi, yaani daktari akuangalie mlango wa kizazi kwa darubini yenye taa, nimeieleza chini.

HSIL: mabadiliko ya daraja la juu. Bado sio kansa. Lakini hii ndo karatasi ambayo mtu akiniambia "nitarudi mwakani" nasimama mlangoni. Inatakiwa kolposkopi na mara nyingi matibabu, kuna sehemu wanafanya vyote siku moja.

AGC: hizi ni seli za tezi, zinatoka ndani zaidi, haitokei sana na haitakiwi kuchukuliwa kirahisi, wanaweza kutaka kuangalia mpaka ndani ya mfuko wa uzazi hasa kama umri umesogea au unatokwa damu ovyo.

Halafu CIN 1, CIN 2 na CIN 3. Hizi hazitoki kwenye papu smia, zinatoka kwenye kinyama kilichokatwa. Namba inaonyesha mabadiliko yamekula unene kiasi gani wa ile ngozi ya juu. CIN 1 ni theluthi ya chini na nyingi zinaondoka bila kuguswa, tunaangalia tu. CIN 2 iko katikati, karibu nusu zinarudi nyuma zenyewe ndani ya miaka miwili, kwa hiyo msichana ambaye bado anataka watoto wanaweza kumfuatilia kwanza badala ya kumkata. CIN 3 inatibiwa. Ikiachwa bila matibabu karibu wanawake 3 kati ya 10 wanafika kwenye kansa ndani ya miaka 30, na hamna wa kukwambia wewe uko kwenye wale 3 au kwenye wale 7.

HPV ipo, lakini seli ziko safi. Sasa hapo?

Inategemea ni namba ngapi. Sehemu nyingi zikiwa 16 au 18 wanakupeleka kolposkopi moja kwa moja hata kama seli hazina kosa, zikiwa aina zingine za hatari unarudi baada ya mwaka mmoja. Huo mwaka mmoja watu wanauona kama wamepuuzwa. Hapana, ni muda tunaoupa mwili ufanye kazi yake, na mara nyingi unaifanya.

Nimeambiwa sampuli haikutosha.

Maana yake hawakuona seli za kutosha, au damu na uchafu vimeziba. Sio majibu mabaya, ni kwamba hamna majibu. Unarudia baada ya miezi michache. Safari hii usiende ukiwa kwenye siku zako, na siku mbili kabla usifanye ngono, usiweke dawa ya ukeni wala kujisafisha kwa ndani. (Kujisafisha kwa ndani kwa ujumla acha tu, uke unajisafisha wenyewe.)

Kolposkopi inauma? Wanafanyaje?

Jina linatisha kuliko kitu chenyewe. Ile mashine ni kama darubini ya mezani yenye taa, inakaa nje, haikuingii. Kinachoingia ni spekulamu ile ile uliyoizoea. Daktari anapaka siki, unasikia kuwasha kidogo au ubaridi, wengine wanapaka na ayodini, sehemu nzuri inakuwa kahawia na yenye shida inagoma kushika rangi. Akiona pa kutilia shaka anakata kinyama kidogo, kama punje ya mchele, unasikia kama umefinywa na tumbo la chini linakaza kidogo kama la siku za hedhi. Wengine hawasikii hata kidogo na wengine wanasikia sana, sitaki kukudanganya, kama unajijua huvumilii meza kidonge cha maumivu saa moja kabla na useme mapema. Unaruhusiwa kusema "subiri kwanza". Daktari anayekukasirikia kwa hilo shida ni yake.

Ukitoka beba pedi. Utatokwa damu kidogo siku mbili tatu, na kama walipaka dawa ya kukausha damu utaona vitu vyeusi vyeusi kama mashapo ya kahawa, usishtuke, ndo yenyewe hiyo dawa. Damu ikiwa nyingi ya kujaza pedi kila saa, au homa, au harufu mbaya, rudi siku hiyo hiyo.

Wakisema nitibiwe, wananifanya nini?

Njia ni mbili, kuchoma au kukata.

Kuchoma ni kwa baridi au kwa joto. Kwa baridi ni gesi inayogandisha, dakika 3 inagandisha, dakika 5 inaachia, dakika 3 tena. Kwa joto ni kichuma kinachopata karibu nyuzi 100, kinakaa pale chini ya dakika moja, na kwa vile hakihitaji mtungi wa gesi unaweza kukutana nacho hata kwenye vituo vidogo. Unatoka kwa miguu yako. Hii inafaa kama bato lote linaonekana na halijaingia ndani kwenye njia.

Kukata ni LEEP, kiwaya chembamba cha umeme kinachonyoa lile eneo, unapigwa ganzi kwanza. Uzuri wake ni kwamba kipande kinakwenda maabara, kwa hiyo unajua kilichokuwepo na kama kingo zimetoka safi. Kuna na kukata kwa umbo la koni, kwa ambao mabadiliko yameingia ndani zaidi, hiyo mara nyingi ni tiyeta na usingizi.

Baada ya hapo utatokwa na majimaji mengi mpaka wiki 4 hivi, ni mengi kweli, wengi hawaambiwi wanadhani wamepasuka kitu ndani. Hizo wiki 4 hamna ngono, hamna kuingiza kitu chochote ukeni, kwa sababu pale ni kidonda na kidonda ni mlango, kama una VVU unaweza kumwambukiza mwenzio kirahisi zaidi na kama huna unaweza kuvipata kirahisi zaidi. Kama nyumbani hili litaleta maneno njoo naye, nimeshawaeleza waume wengi na karibu wote wanaelewa wakielezwa na mtu mwingine.

Na baada ya mwaka mmoja unapimwa tena. Kutibiwa mara moja sio kwaheri.

Hamna dawa ya kuua HPV yenyewe?

Hamna. Antibayotiki haziui virusi. Tunachotibu ni seli zilizoharibika, kirusi kinaachiwa kinga. Ukiona mtu anauza kitu cha kuweka ukeni "kinatoa HPV kwa siku 7" jua kwamba HPV yako huenda ingetoka yenyewe bila hela yake, ndo maana ana shuhuda nyingi. Na vitu hivyo vinaunguza, nimewahi kufungua spekulamu nikakuta kuta zote zimebabuka, hata kipimo hatukuweza kufanya siku ile.

Kinachosaidia kweli: kama unavuta sigara, acha. Kemikali za sigara zinafika mpaka kwenye ute wa mlango wa kizazi na kinga ya pale inalegea. Hayo mengine, lishe, usingizi, ni mazuri kwa mwili mzima lakini sitakuahidi kwamba yatafuta HPV.

Nina VVU. Kwangu ni tofauti?

Ndio, na sikufichi. Uwezekano wa kupata kansa hii ni karibu mara 6 ya asiye na VVU, kwa sababu HPV inagoma kutoka kinga ikiwa chini. Ndo maana wewe unashauriwa kuanza kupimwa ukiwa na miaka 25 badala ya 30, na kurudi kila miaka 3 mpaka 5 badala ya 5 mpaka 10 kama kipimo ni cha HPV. Ukinywa ARV vizuri na kinga ikapanda, mwili unapata nguvu ya kuifukuza. Unganisha tarehe, siku unayofuata dawa ndo siku uulizie kipimo.

Sasa kupata mtoto itakuwaje?

HPV yenyewe haizuii mimba. Kuchoma na LEEP kwa kawaida havizuii mimba, ila ukikatwa kipande kikubwa au ukikatwa zaidi ya mara moja, uwezekano wa mtoto kuja kabla ya siku zake unaongezeka kidogo, kwa hiyo ukishika mimba mwambie mkunga siku ya kwanza kabisa ya kliniki.

Kama majibu yamekukuta tayari una mimba, kolposkopi inafanyika bila kumdhuru mtoto, na matibabu ya mabadiliko haya karibu siku zote yanasubiri mpaka ujifungue, isipokuwa pale wanapohisi kansa. Shida inakuja baada ya kujifungua, mtoto mchanga, usingizi hamna, nani anakumbuka mlango wa kizazi? Mpe tarehe mtu mwingine akukumbushie.

Nikichanjwa sasa hivi itaondoka?

Haiondoi uliyonayo. Chanjo inazuia aina ambazo hujakutana nazo, ndo maana inalengwa kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14, kabla ya yote. Imeanza kutumika mwaka 2006, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linasema hata dozi moja inatosha kwa wasichana mpaka miaka 20, wenye kinga ya chini wao wanahitaji mbili, ikiwezekana tatu. Wewe mkubwa unaweza kuongea na daktari kama ina faida kwako. Na aliyechanjwa bado anapimwa akifika umri, maana chanjo haizibi aina zote.

Na wanaosema inafunga kizazi: hapana, haifungi. Kinachofunga kizazi ni kansa yenyewe, tunapolazimika kutoa mfuko wote wa uzazi kwa mtu wa miaka 34.

Nimekoma hedhi. Nimekaa miaka sijaguswa na mwanaume. Bado nipime?

Ndio, kama hujawahi kupimwa au majibu ya nyuma hayakuwa safi. HPV ya zamani haijui kwamba umestaafu.

Mfuko wa uzazi ulishatolewa.

Uliza kitu kimoja: na mlango wake ulitolewa? Wengine wanaachiwa. Kama ulitoka wote na sababu ilikuwa uvimbe wa kawaida, kwa kawaida hupimwi tena. Kama sababu ilikuwa haya haya mabadiliko, bado unafuatiliwa.

Dalili gani nisisubiri tarehe?

Damu baada ya tendo. Damu katikati ya mwezi. Damu yoyote ile baada ya kukoma hedhi, hata tone. Uchafu wa majimaji unaonuka na hauishi kwa dawa. Maumivu ya nyonga au mgongo wa chini yanayokaa tu. Ukiwa na hizi haijalishi papu smia yako ya mwaka jana ilikuwa safi, kipimo cha uchunguzi ni cha asiye na dalili, wewe unahitaji kuangaliwa na daktari kwa macho. Kinyume chake pia: mabadiliko ya CIN hayaumi wala hayatoi damu, kwa hiyo "mbona najisikia mzima" haina uzito hapa.

Karatasi nimekaa nayo miezi nane sijarudi. Nimechelewa?

Kwa wengi hapana, hesabu ile miaka 15 niliyosema juu. Kwa HSIL miezi nane ni mingi na nenda wiki hii.

Mimi mwenyewe nilikaa na yangu wiki tano. Ninayefanya kazi hii! LSIL, kitu ambacho nimewaambia wanawake sijui wangapi "usiogope, tutafuatilia", ya kwangu nikaiweka kwenye droo chini ya chaji za simu, nikawa nafungua droo ile nikiangalia upande mwingine. Aliyenitoa ni mwenzangu wa zamu, hakunihubiria, aliniuliza tu "kesho saa ngapi?"

Ukifika mapokezi huna haja ya kuelezea kwanini ulipotea. Toa karatasi, na kama imepotea taja mwezi uliopimwa, sema "majibu yangu hayakuwa mazuri, nimekuja kuendelea". Wanatafuta faili. Ukikutana na wa kukufokea, na wapo, mwache amalize, mwambie unasubiri faili.